Namna Debian Inavyomwamini Mgeni

Ian Murdock alikuwa bado mwanafunzi wa chuo kikuu nchini Marekani alipoitangaza Debian mwezi Agosti 1993. Alitaka mfumo endeshi utakaojengwa hadharani, na watu wanaojitolea. Hadi leo hakuna kampuni inayoumiliki mradi huo, na wasanidi wake wapatao 1,000 hawalipwi mshahara na mradi wenyewe. Katiba yao inatamka wazi kwamba hakuna anayelazimika kuufanyia kazi. Hata hivyo, toleo la 12, lililotoka Juni 2023, lilikuwa na vifurushi vya programu zaidi ya 64,000, na Ubuntu inayotumika kwenye kompyuta nyingi za huku kwetu imejengwa juu ya Debian. Mwenye ruhusa ya kupakia kifurushi humo anazifikia mashine nyingi mno. Je, mtu ambaye hakuna anayemfahamu huipataje ruhusa hiyo?

Huanza kwa kazi. Mgeni huchukua kifurushi kilichotelekezwa na mtunzaji wake, au programu ambayo bado haijaingizwa, kisha huandaa folda iitwayo debian. Ndani yake mna faili la control linaloeleza kifurushi kinategemea nini, rules linaloonyesha jinsi ya kukijenga, changelog na copyright. Kwenye changelog, akiandika Closes: ikifuatiwa na namba ya hitilafu iliyoripotiwa, hitilafu hiyo hufungwa yenyewe kifurushi kikishapokelewa. Kabla ya kukiwasilisha hukipitisha kwenye lintian, programu inayosaka makosa ya kawaida ya ufungashaji.

Lakini hawezi kukipakia mwenyewe. Lazima msanidi mwenye ruhusa, anayeitwa mdhamini, akisome, akijenge kwenye mashine yake, ndipo atie saini ya kidijitali kwa ufunguo wake mwenyewe. Kazi hurudishwa, hurekebishwa, na hurudishwa tena. Kifurushi kipya kikivuka hapo, hukutana na kundi linalosimamia hazina ya Debian. Hawa hulisoma faili la copyright kwa makini: kila sehemu ya msimbo ni ya nani, na iko chini ya leseni gani? Wengi hukwama hapa, na wengine huuona ukali huo kuwa urasimu. Kwangu mimi ndiyo shule bora ya mradi mzima, kwa sababu humlazimisha kijana kuufungua msimbo wa watu wengine faili kwa faili, jambo ambalo mitaala yetu huligusa kwa nadra.

Baada ya kazi kuonekana, huja suala la utambulisho. Kwa kawaida mwombaji hukutana ana kwa ana na wasanidi, huonyesha pasipoti au kitambulisho, nao hulinganisha alama ya ufunguo wake wa kidijitali, yenye tarakimu na herufi 40, kabla ya kuutia saini. Tangu 2007 ipo ngazi ya mtunzaji, anayeruhusiwa kupakia vifurushi alivyoidhinishiwa tu. Anayetaka usanidi kamili huhojiwa kwa maandishi kuhusu Mkataba wa Kijamii wa Debian wa 1997, taratibu za mradi na ujuzi wake wa kiufundi. Akikubaliwa hupata pia kura ya kumchagua kiongozi kila mwaka.

Kukutana ana kwa ana ndiko kunakowaelemea watu wa Afrika. Mkutano mkuu wa Debian ulifanyika barani kwa mara ya kwanza mwaka 2016, jijini Cape Town. Anayeishi Mbeya au Eldoret huenda hana msanidi jirani wa kumtembelea Jumamosi, na huo ni udhaifu wa kweli wa mfumo huu.

Upo udhaifu mwingine, nao ulijitokeza Machi 2024. Mtu aliyejiita Jia Tan alijitolea kwa muda mrefu kwenye xz, programu ya kubana data iliyokuwa ikitunzwa kwa kiasi kikubwa na mtu mmoja, hadi akawa mtunzaji mwenza. Kisha akaficha mlango wa siri ndani ya matoleo 5.6.0 na 5.6.1. Sehemu iliyouamsha haikuwemo kwenye msimbo uliokuwa wazi kwa umma, ila kwenye faili lililofungashwa kwa ajili ya kusambazwa. Ulilenga OpenSSH, programu ya kuingia kwenye kompyuta kutoka mbali (SSH), ambayo kwa asili haiitumii xz. Kiungo kilipatikana kupitia marekebisho yaliyoongezwa na Debian na wasambazaji wengine. Mhandisi wa programu Andres Freund, akipima utendaji kwenye toleo lisilo imara la Debian, aliona kuingia kwa SSH kunachelewa kama nusu sekunde, akafuatilia hadi chanzo. Toleo imara halikuguswa, kwa kuwa vifurushi vipya havimwagwi humo moja kwa moja.

Kwa hiyo Debian humchuja vizuri anayeingia kwake, lakini haina namna ya kumhoji kila mwandishi wa programu inazozifungasha. Kinachokosekana ni macho, na macho hayo wanafunzi wetu wanayo. Chagua programu moja unayoitumia kila siku, soma hitilafu zake zilizoripotiwa, tengeneza marekebisho ya moja na uyatume. Hatua hiyo haihitaji pasipoti wala saini ya mtu yeyote.