Hewa Inapovuja Pafuni Kabla ya Safari ya Nairobi

Mtu anapopumua mwenyewe, misuli hupanua kifua na hewa ikavutwa ndani. Akiunganishwa na ventileta, mambo hugeuka: hewa husukumwa. Tundu dogo la pafu ambalo mwili ungelivumilia hata siku kadhaa sasa linapulizwa mara 20 kwa dakika. Nawafikiria majeruhi wa barabara ya Meru hadi Embu, penye daraja la Nithi ambako tarehe 24 Julai 2022 basi lililokuwa likitoka Meru kwenda Mombasa lilitumbukia bondeni na kuua zaidi ya watu 30. Anayeokolewa katika ajali ya aina hiyo akiwa amevunjika mbavu huenda ana tundu ambalo bado halijajionyesha, na mashine inayomtegemeza ndiyo itakayolipanua.

Asiyepata ajali naye hayuko salama. Nimonia kali hufanya sehemu za pafu zijae majimaji na kukakamaa, kisha pumzi yote inaelekea kwenye vifuko vya hewa vichache vilivyobaki vizima. Vikipasuka, hewa hufuata mishipa ya damu hadi katikati ya kifua. Huko hupanda shingoni, ukibonyeza ngozi unasikia mchakacho chini ya vidole, au huingia kati ya pafu na mbavu na kulikandamiza pafu.

Ndiyo maana kazi ya kwanza ni ya futikamba, ile ya fundi wa nguo. Kiasi cha pumzi hupangwa kwa kimo, kwa kuwa mtu akinenepa mapafu yake hayaongezeki. Mwanamke wa sentimita 155 hukadiriwa kuwa na uzito wa kilo 48 hivi; kwa mililita 6 kwa kila kilo, pumzi yake ni kama mililita 290. Mwekee 500 kwa mazoea tu na umempa zaidi ya mililita 10 kwa kilo. Utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2000 uliwafuata wagonjwa 861 wenye mapafu yaliyojeruhiwa vibaya: kati ya waliopewa mililita 12 kwa kilo walifariki karibu asilimia 40, na kati ya waliopewa 6, asilimia 31. Tofauti hiyo ilitokana na mpangilio wa mashine, bila dawa mpya. Shinikizo nalo, likipimwa pumzi ikiwa imesimamishwa kidogo mwishoni mwa kuingia, lisizidi sentimita 30 za maji.

Pafu likipasuka, dalili huja kwa pamoja: king'ora cha shinikizo kinalia, oksijeni inashuka, presha ya damu inaporomoka, upande mmoja wa kifua hausikiki. Hapo kungoja eksirei ni kumpoteza mgonjwa. Sindano ndefu hutoa hewa iliyobana, kisha mrija huingizwa ubavuni na kuunganishwa na chupa ya maji, ncha yake ikizama sentimita 2 hivi.

Chupa hiyo naiheshimu kuliko skrini yoyote chumbani. Mapovu yakitoka kila mashine inaposukuma, tundu bado liko wazi. Ventileta nayo inaonyesha ukubwa wake: zikiingia mililita 400 na kurudi 310, 90 zinapotea. Tiba hapa ni upole: punguza pumzi, punguza shinikizo linalobaki mwishoni mwa pumzi, punguza idadi ya pumzi, na usikimbilie kuvuta hewa kwa pampu, maana huenda ikazidisha uvujaji. Kaboni dioksidi ikipanda kiasi, huvumilika. Ila majeruhi wa barabarani mara nyingi ameumia kichwa pia, na kaboni dioksidi ikizidi huongeza shinikizo ndani ya fuvu. Huyo hupangiwa kwa uangalifu zaidi, na daktari wa usingizi awepo.

Safari ya kumhamishia mgonjwa Nairobi ndiyo inayonitia hofu. Kutoka Meru hadi Nairobi ni zaidi ya kilomita 200, na kutoka Embu ni karibu 130. Wakati wa kumpakia mgonjwa kwenye ambulensi, kuna mkono unaobana mrija ili maji yasimwagike. Kwa mgonjwa wa ventileta ambaye pafu lake linavuja, dakika chache za kubana hivyo zinatosha kujaza hewa kifuani. Chupa ibaki wazi na chini ya kifua, au mrija ufungwe vali ya njia moja.

Kwa helikopta, hesabu ni nyingine. Meru iko mita 1,500 hivi juu ya bahari. Helikopta isiyoshindiliwa hewa ndani ikifika mita 3,000, hewa iliyonaswa hutanuka kwa takriban moja ya tano. Mililita 500 zilizobanwa kifuani zinakuwa 600. Kwa hiyo mrija wa ubavuni huwekwa kabla ya kupaa, hata kama hewa iliyoonekana kwenye eksirei ni kidogo, na puto la mrija wa koo, ambalo nalo hutanuka, hupimwa shinikizo lake tena angani.