Kanga Ukutani na Kanga Mwilini

Mwanahistoria atafutaye habari za watu wasioacha barua wala hati hana budi kuvigeukia vitu walivyovitumia. Katika pwani yetu kanga imegeukiwa mno, na ni haki. Laura Fair, katika kitabu chake Pastimes and Politics (2001), ameonyesha jinsi wanawake wa Unguja waliotoka utumwani, baada ya amri ya 1897 iliyofuta utumwa kisheria, walivyoyaacha merikani na kaniki waliyotambulikana nayo wajakazi, wakajifunga kanga, na kwa vazi hilo wakadai heshima mpya mjini. Kazi hiyo ni njema. Ninalolalamikia mimi ni namna kanga yenyewe inavyosomwa mara nyingi.

Kanga ina pindo, mji na jina. Maandishi mengi huyapita haraka yale mawili ya kwanza, yakakimbilia jina, kana kwamba nguo ni karatasi. Katika makumbusho hutundikwa ukutani, imenyooshwa, na chini yake tafsiri ya Kiingereza. Hapo kosa huanza, nalo ni kosa la sarufi. Tuseme jina lina neno “ananisema” (nalitunga kwa mfano tu, msomaji asilitafute dukani). Kiambishi a- hakibagui mume na mke. Huenda asemaye ni bwana, huenda ni mke mwenza, huenda ni jirani wa nyumba ya pili. Kiingereza humlazimisha mfasiri achague. Naye akiisha kuchagua, amekwisha kutoa hukumu katika ugomvi asioujua. Rose Marie Beck, katika kitabu chake cha Kijerumani cha 2001, ameueleza vema utata huo kuwa ndio sifa ya mawasiliano haya, wala si upungufu. Mvaaji akiulizwa, aweza kujibu kwamba alipenda rangi.

Naongeza jambo ambalo ukuta hauwezi kulionyesha. Doti ni vipande viwili: kimoja hufungwa mwilini, cha pili hutandwa kichwani au mabegani, na jina aghalabu hukaa nyuma. Basi mvaaji halioni neno lake. Hulisoma yule anayeachwa nyuma, mwenyewe akienda zake. Ni usemi usiongojea jibu. Hata picha za posta zilizotoka katika studio za Gomes na Coutinho, Unguja, hazitusaidii sana hapa, kwani wanawake wengi wameelekezwa uso kwa kamera.

Tena kuna kuchakaa. Kanga iliyopendwa ni shida kufika makumbusho. Ilikuwa vazi, ikawa mbeleko, ikawa shuka ya mgonjwa, mwisho tambara la jikoni. Zinazohifadhiwa aghalabu ni zile zilizotoka dukani moja kwa moja, hata hazijakatwa: maneno ambayo hayakupata kusemwa na mtu kwa mtu.

Mwanafunzi wangu mmoja aliniletea kipande cha kanga ya bibi yake. Jina lilikuwa limefutika nusu, pindo limeraruka, na katikati lilikuwapo doa kubwa la mafuta ya nazi. Fomu niliyokuwa nimempa ilikuwa na nafasi ya rangi, vipimo, jina na mtengenezaji. Aliniuliza doa aliandike wapi. Nilimwambia aigeuze fomu, aanze na doa.