Mzimu 'umekuja' au 'amekuja'? Mchezo wa tarakilishi unavyotupima ngeli

Mwalimu yeyote aliyewahi kufunza ngeli atakuambia kwamba viumbe walio hai hawasumbui sana. Mtu, mbuzi, kipofu na hata kifaranga huingia katika A-WA bila ubishi. Wanaotusumbua ni waliokufa, na wale ambao hatujui kama wamekufa ama wapo. Je, mzimu 'umekuja' au mzimu 'amekuja'? Maiti 'imezikwa' au maiti 'amezikwa'? Tunaandika hivi leo na vile kesho, na mhariri anayapitisha yote mawili.

Juma hili nataka kulijadili swali hilo kwa kupitia mlango ambao haujazoeleka katika safu hii: gemu. Najua wapo watakaoguna. Ati profesa wa lugha na michezo ya watoto wapi na wapi? Subira kidogo, msomaji wangu.

Mchezo wenyewe unaitwa Thimbleweed Park. Waliouasisi ni Ron Gilbert na Gary Winnick, Wamarekani ambao mnamo 1987 walitunga Maniac Mansion, mchezo uliowapeleka vijana katika jumba la mwanasayansi mwendawazimu. Mwaka wa 2014 wawili hao waliomba umma uwachangie dola 375,000 kupitia mtandao wa Kickstarter ili watengeneze mchezo wa mtindo ule ule wa kale. Walipata zaidi ya dola 600,000. Mchezo ukatoka Machi 2017, ukiwa na picha za vijiraba vinavyoonekana kimoja kimoja kama shanga, na kisa kinachotukia mwaka wa 1987.

Kisa ni hiki. Makachero wawili, Ray na Reyes, wanafika katika mji mdogo wa Marekani uliochakaa. Chini ya daraja kuna maiti. Kiwanda cha mito ya kulalia kilichoulisha mji kimeungua. Mcheshi wa sarakasi aitwaye Ransome amelaaniwa kwa sababu ya matusi yake, hawezi kuondoa rangi usoni. Binti aitwaye Delores amenyimwa urithi kwa kuchagua kuandika programu za michezo badala ya kuuza mito. Na katika hoteli ya mji anarandaranda Franklin, babake Delores, ambaye ni mzimu. Mchezaji huwaongoza wote watano, mmoja baada ya mwingine.

Kilichonivutia zaidi si mauaji wala mzimu. Ni vitenzi.

Zamani, michezo ya aina hii ilimtaka mchezaji aandike amri kwa herufi. Ukiandika neno ambalo tarakilishi haikufunzwa, ilikujibu kwamba haikuelewi, nawe ukabaki kubahatisha visawe hadi usiku wa manane. Kundi la Gilbert lilipotengeneza Maniac Mansion liliondoa adha hiyo kwa kuvipanga vitenzi chini ya skrini. Unabofya kitenzi, kisha unabofya kitu, na sentensi inajiunda mbele ya macho yako. Thimbleweed Park imerudia mtindo huo kwa vitenzi tisa tu: vya kufungua, kufunga, kupa, kuokota, kutazama, kusema na mtu, kusukuma, kuvuta na kutumia. Kwa vitenzi hivyo tisa unaufumbua mji mzima. Sijui somo bora zaidi la sarufi kuliko hilo. Mchezaji anajifunza kwamba kitenzi ndicho injini ya sentensi, na kwamba si kila kitenzi hukubali kila nomino.

Mchezo huu umetafsiriwa kwa Kijerumani, Kifaransa, Kiitaliano na Kihispania. Kwa Kiswahili bado. Hebu basi tujaribu wenyewe kuvipanga vile vitenzi tisa.

'Fungua' na 'funga' vinakaa vizuri. Tena vinapendeza, kwa kuwa ni mzizi mmoja uliogeuzwa kwa mnyambuliko. 'Vuta' kina raha yake, maana mlango huvutwa na sigara huvutwa, na mtunzi mjanja angeweza kumnasa mchezaji hapo. Taabu inaanza kwenye kupa. Utaandika nini kwenye kitufe? 'Pa'? Hakuna Mswahili anayeamuru 'Pa!' akanyamaza. Sharti anayepewa atajwe ndani ya kitenzi chenyewe: nipe, mpe, wape. Utalazimika kukimbilia 'toa', ambacho si kile kile.

Taabu kubwa zaidi iko kwenye kutazama. Kwa Kiingereza amri hiyo haibadiliki, uwe unatazama mlango, mcheshi au maiti. Kwa Kiswahili, 'tazama mlango' ni sawa kabisa, lakini 'tazama Ransome' inakwaruza sikio. Tunasema 'mtazame Ransome'. Hivyo basi, mara tu kishale kinapomgusa mtu, kitenzi hakina budi kubadilika. Kabla hujabofya, lugha imekwisha kutoboa siri: hiki ni kitu, huyu ni mtu.

Sasa kielekeze kishale chini ya daraja. 'Itazame maiti' au 'mtazame maiti'? Kiingereza kinamruhusu mtunzi alikwepe swali hilo. Kiswahili hakimruhusu. Mfasiri wetu angelazimika kuamua, tangu dakika za mwanzo, kama aliyekufa bado ni mtu.

Swali hili ndilo lililonionyesha ni wapi Thimbleweed Park inafaulu na ni wapi inaanguka.

Inafaulu kwa Franklin. Alipokuwa hai alikuwa mnyonge aliyeishi katika kivuli cha ndugu yake tajiri. Alifia hotelini, na sasa hawezi kutoka humo. Unapoanza kumwongoza, vile vitenzi ulivyovizoea vinabadilika. Mzimu hawezi kuokota wala kusukuma. Hana mikono ya kushikia. Anabakiwa na vitenzi hafifu vya kimzimu, vya pumzi, baridi na cheche za umeme. Mwanzoni unacheka, maana ni kichekesho kweli mtu mzima kujaribu kuyapanga mambo ya dunia kwa kupuliza. Baadaye kicheko kinakwama kooni. Unatambua kwamba kufa, katika mchezo huu, ni kupokonywa vitenzi. Sijakutana na tafsiri ya kifo iliyo nyepesi na nzito kwa wakati mmoja namna hiyo. Franklin ametisha, amechekesha, na bado ni baba wa mtu. Nikimtaja kwa Kiswahili siwezi kusema 'mzimu umemkumbuka bintiye'. Ulimi unakataa. Mzimu 'amemkumbuka' bintiye.

Inaanguka kwa yule maiti. Katika utangulizi mchezaji humwongoza Boris, mgeni kutoka Ujerumani, anayefika darajani usiku na kuuawa. Kwa dakika chache alikuwa 'mimi' wetu. Punde si punde ni mzigo majini, na kichekesho kimojawapo ni kwamba hata haozi kama maiti wengine, bali anageuka vijiraba vya picha. Nilicheka, sikatai. Lakini kila kachero ana siri yake iliyomleta mjini. Ushahidi unaingizwa katika mashine, mlevi wa mji anatiwa mbaroni, na Boris hakuna anayemuuliza tena. Kisha katika sehemu ya mwisho (asiyetaka kujua aruke aya hii) wahusika wanagundua kwamba wote wamo ndani ya mchezo wa tarakilishi. Ni werevu, naam. Ila werevu huo unamsamehe mtunzi deni lake. Ikiwa kila kitu ni mchezo, basi hakuna aliyekufa, na hakuna wa kumlilia. Boris aliingia akiwa A-WA, akatoka akiwa I-ZI.

Wahenga wetu walilitafakari jambo hili kabla ya tarakilishi kubuniwa. Walisema: Maiti haulizwi sanda. Hawakusema 'haiulizwi'. Ijapokuwa methali yenyewe inatuambia kwamba maiti hana tena kauli, sarufi yake imekataa kumfanya kitu. Linganisha na methali nyingine: Zimwi likujualo halikuli likakwisha. Hapa wametumia LI-YA. Zimwi linajua, linakula, hata lina huruma kiasi, lakini halikupewa kiambishi cha utu. Kwa maoni yangu tofauti si ya uhai, kwani zimwi ndilo lenye meno na nguvu. Tofauti ni ya ukoo. Maiti ana waliomzaa na watakaomzika. Zimwi linatoka porini na halina kwao. Na hata hilo zimwi, likianza kusema na kulaghaiwa na sungura, wapo wasimulizi ambao hulipandisha cheo katikati ya ngano: 'zimwi akasema'. Akishachekesha, amekuwa mmoja wetu.

Kwa hivyo jibu langu kwa swali la mzimu ni hili. Umbo la neno, mzimu kwa mizimu, linalielekeza kwenye U-I, na anayezungumzia mizimu kama imani au nguvu fulani hajakosea akisema 'mizimu imekasirika'. Lakini mzimu akiwa mhusika, mwenye jina, kumbukumbu na mtoto, upatanisho wa A-WA ndio unaomstahili, kama tunavyofanya kwa kibwengo na kiongozi, ambao umbo lao ni la KI-VI. Mzimu amekuja. Vilevile maiti mwenye jina na azikwe kwa A-WA. Wanaoandika kuhusu ajali katika magazeti yetu wangefikiria hilo kabla ya kuandika kwamba 'miili ilitupwa kando ya barabara', kana kwamba ni magunia.

Mfasiri angekabiliwa na mitihani mingine pia. Matusi ya Ransome yamefunikwa kwa mlio wa 'biip', mpaka mlio wenyewe ukawa mzaha. Baadaye watunzi waliuza nyongeza iliyoondoa mlio huo! Sisi tuna kifuniko chetu chenye adabu zaidi, 'ashakum si matusi', na ninaweza kumsikia Ransome wa Kiswahili akikitamka kwa unafiki mtupu kabla ya kila tusi.

Lakini tahadhari. Mwaka wa 1991, katika mchezo wa pili wa Monkey Island, Gilbert aliweka fumbo ambalo suluhisho lake lilikuwa kumtumia tumbili kama spana, kwa kuwa Wamarekani wana spana ya kurekebishika ambayo jina lake humtaja tumbili. Wachezaji wa lugha nyingine waliumia vichwa, na Gilbert mwenyewe amekiri hadharani kwamba halikuwa fumbo la haki. Fundi wa hapa kwetu spana hiyo huiita, ashakum si matusi, spana malaya. Sasa fumbo hilo ungelitafsiri vipi bila kufukuzwa? Ucheshi uliojengwa juu ya neno moja hufia mpakani. Ucheshi uliojengwa juu ya hali ya mtu, kama Franklin na pumzi zake, huvuka bila pasipoti.

Kasoro nyingine ya Thimbleweed Park ni kwamba mizaha mingi inamtaka mchezaji awe ameicheza michezo ya kale ya watunzi hao hao. Kijana wa Kitale au Voi aliyekutana na gemu kwenye simu atakuwa kama mgeni arusini asiyemjua bwana wala bibi arusi. Hata kitabu cha nambari za simu kilichomo humo kimejaa majina ya waliochangia pesa. Ni shukrani njema, ila ni shukrani ya jamaa kwa jamaa.

Pamoja na hayo, naupendekeza. Uzuri ni kwamba unapatikana hata kwenye simu, hauna papara, na hauui mchezaji kwa kukawia kufikiri. Mwenye kufunza lugha aucheze akiwa na daftari, aone jinsi vitenzi tisa vinavyobeba mji wenye siri zake zote.

Na kwa vijana wetu wanaoandika programu, nina ombi moja. Sisi tuna majini, vibwengo, mazimwi na mizimu wa kutosha, na tuna desturi ndefu ya kuwaogopa na kuwacheka katika pumzi moja. Siku mtakapoketi kutunga mchezo wa Kiswahili, msianze na picha. Anzeni na ubao wa vitenzi, na mhakikishe kwamba kishale kikimgusa aliyekufa, 'tazama' inageuka kuwa 'mtazame'. Mtakuwa mmekwisha kuamua hadithi yenu ni ya aina gani.