Mkate Ndani ya Neno: Kosa la John Ruskin

Mwaka 1864, katika mhadhara alioutoa Manchester na kuuchapisha mwaka uliofuata ndani ya kitabu Sesame and Lilies, John Ruskin alitegemea asili ya maneno mawili ya Kiingereza kuwafundisha wasikilizaji wake wajibu. Alidai kwamba lady maana yake ni mgawa mkate, na lord ni mlinzi wa sheria. Kwa hiyo, mwanamume aitunze sheria kwa ajili ya umma, na mwanamke awasaidie maskini. Nia ni njema. Msingi ni mbovu.

Neno lord halina uhusiano na sheria. Katika Kiingereza cha kale lilikuwa hlaford, kutokana na hlafweard: hlaf ni mkate, weard ni mlinzi. Lady nalo lilikuwa hlæfdige. Sehemu yake ya kwanza ni mkate uleule. Ya pili wanaisimu huihusisha na kitendo cha kukanda unga. Basi mwanamke wa neno hili ni mkandaji, wala si mgawaji. Neno la tatu lakamilisha nyumba hiyo: hlafæta, mla mkate, ndiye mtumishi atajwaye katika sheria za Æthelberht, mfalme wa Kent, za mwanzo wa karne ya 7. Aliyemwua mla mkate wa mtu huru wa kawaida alitozwa fidia ya shilingi 6.

Tuone basi kilichopotea. Kwa kuingiza sheria, Ruskin alimtenga bwana na mkate wa nyumba yake; kwa kuweka kugawa mahali pa kukanda, aliifuta kazi ya mikono ya mwanamke, akamwachia hisani tu. Kosa la etimolojia limekuwa hoja juu ya watu.

Hata hivyo, nasi tusije tukajenga mafundisho mengine juu ya mkate huo. Katika maandishi ya Kiingereza cha kale, hlaford lilitumika kwa maana ya bwana, hata kwa kumtaja Mungu. Asili ya neno ni historia yake. Maana yake hutafutwa katika matumizi. Mwanafunzi wa isimu akutanapo na hoja ya namna hii aulize mambo mawili: umbo la kale limeandikwa wapi, na walioliandika walikusudia nini?