Kosa la Mstari wa Tatu

Skripti ya R ya maghala ya Zone Industrielle mmeiona, na najua wengine mmeshainakili. Modeli ya akiba ni safi, na aliyekumbuka read.csv2 kwa zile faili za Excel ya Kifaransa, zenye nuktamkato, ashukuriwe. Twende mstari wa tatu.

system(paste("cp", faili, "data/ventes.csv"))

Sijaona sababu hata moja ya kuandika hivi. Faili ya mhasibu iliitwa "ventes fevrier.csv". paste() haiweki alama za nukuu, kwa hiyo sheli iliona faili mbili, cp ikagoma na kurudisha 1. Sasa sikilizeni: namba hiyo system() huirudisha kimyakimya. Haisimamishi kitu. R ikasonga mbele, ikakuta ventes.csv ya Januari bado imelala pale pale, ikaisoma na kutoa makadirio ya kupendeza ya mwezi usiohusika. cp ililalamika, ndiyo, lakini alfajiri, kwenye logi ambayo hakuna anayeifungua.

Na R ina file.copy() yake! Iweke ndani ya stopifnot(), na overwrite = TRUE, maana bila hiyo haigusi faili iliyopo tayari. Sheli haihitajiki, nafasi kwenye jina hazina madhara, na ikishindwa skripti inakufa hapo hapo, mbele ya watu. Hata kwenye Windows inafanya kazi, ambako system() haipiti kwenye sheli na cp yenyewe kwa kawaida haipo.

Kuita amri za nje si dhambi. S, lugha mama ya R, ilianza Bell Labs mwaka 1976, nyumba ileile iliyozaa Unix, na John Chambers na wenzake walijua programu ipi ya jirani inaifanya kazi vizuri kuliko lugha yao. Wakaenda kuiomba hiyo. Sisi tunatoka nje kunakili faili. (Wa Stata msicheke: shell yenu hairudishi hata ile namba ya kosa.)

Nasikia utetezi kwamba system2() ingeokoa. Imekuwepo tangu 2010 na bado watu hawajasoma ukurasa wake wa msaada: vijenzi unavyoipa kwenye args haivifungi kwa nukuu. Bila shQuote() mngeanguka kwenye shimo lilelile.

Kinachoniudhi zaidi ni dawa waliyochagua wenye skripti. Mstari wa tatu umeachwa ulivyo, mhasibu akaamriwa asiweke nafasi kwenye majina ya faili. Sawa. Basi ataandika "inventaire_d'avril.csv", bila nafasi hata moja, na sheli itakwama kwenye hiyo alama ya ritifaa ikitafuta mwenzake. Wakivuka Aprili, kuna d'août na d'octobre.