Promoteri Mwingereza ambaye filme haimuonyeshi

Juma iliyopita tuliangalia When We Were Kings hapa Kilwa, kwenye ukuta uliopakwa chokaa, jenereta ikilia nyuma yetu. Wakati Foreman alianguka, batoto walirukaruka sawa vile pambano linapigwa usiku ule ule, na papa mmoja mzee alisimama akitafuta kofia yake. Kisha ndugu mmoja wa komite akachukua neno: "Munaona? Kinshasa ilijulikana dunia muzima juu ya ngumi za usiku moja. Na sisi tulete gala ya kachi hapa. Tutoshe kwanza makuta ya michango, tiketi zitairudisha." Watu wakapiga makofi. Mimi sikupiga. Niliahidi kuandika mbele ya kikao cha Jumamosi, basi ninaandika.

Nianze na haki ya filme. Leon Gast alipiga picha zake 1974, akakosa makuta na akaingia katika kesi, filme ikatoka 1996, ikapata Oscar mwaka uliofuata. Miaka 22! Ukiona Ali anakimbia na batoto nyuma yake, ukisikia uwanja mzima unalia "Ali boma ye", huwezi kukaa kimya kwenye kiti. Na Gast anajua kukata picha: ngoma, mikono, nyuso, kisha ngumi. Hapo simgombanishi.

Ila angalia nani anasimulia. Norman Mailer, George Plimpton, Spike Lee, na wengine wa Amerika. Sauti ya Afrika inayopewa nafasi ni ya Malick Bowens, mwigizaji wa asili ya Mali. Mtu wa Zaire, mwenye nyumba, yeye anaimba, anacheza, anapunga mkono. Hapewi kiti cha kueleza. Plimpton anasimulia habari ya mwanamke mwenye mikono ya kutetemeka ambaye angemshika Foreman, na filme inamweka hapo Miriam Makeba akiimba, kama vile yeye njo mchawi. Makeba! Mtu aliyekuja kufanya kazi yake jukwaani. Sisi tulicheka pale, lakini nilipolala nilijiuliza tulikuwa tunacheka nani.

Sasa tufike kwa mapromoteri, maana hapo njo mzizi. Filme inatupa Don King, nywele juu, maneno matamu. King alikuwa ametoka gerezani 1971 tu. Hakuwa na ile milioni 5 ya dola ya kumpa Ali, wala milioni 5 nyingine ya Foreman. Alikwenda kwa huyu na kumwambia ni milioni 5 kama yule anakubali, akaenda kwa yule na maneno yale yale. Alikuwa na sahihi mbili mfukoni mbele ya kuwa na falanga. Ukitaka kuelewa kazi ya promoteri, anza hapo: anauza kitu ambacho bado hana, kisha anatafuta mwenye kukilipa.

Kati ya wale waliopatikana alikuwa Mwingereza, John Daly. Yeye si mmoja wa wanaosimulia, na watu wengi wanaoipenda hii filme hawajui jina lake. Mimi pia nililijua kwa kufuatilia habari za filme zingine. Daly alizaliwa London 1937. Mwaka 1967 alianzisha kampuni Hemdale pamoja na mwigizaji David Hemmings. Jina lenyewe ni vipande vya majina yao wawili. Mwaka 1974 Hemdale iliingia katika pambano la Kinshasa pamoja na King, pamoja na Video Techniques ya New York, na pamoja na Risnelia, kampuni ya upande wa Mobutu. Ile kampuni ya mwisho njo ilibeba uzito, kwa sababu nyuma yake kulikuwa serikali.

Baada ya Kinshasa, Daly akageukia sinema kabisa, na lazima niseme ukweli: alikuwa na jicho. Hemdale iliweka makuta katika The Terminator ya 1984, wakati James Cameron hakuwa bado mtu mkubwa. Iliweka katika Platoon ya Oliver Stone, hadithi ambayo studio kubwa zilikuwa zimeikataa kwa miaka. Platoon ikachukua Oscar ya filme bora, na mwaka uliofuata The Last Emperor, ambayo pia Hemdale ilikuwa ndani, ikachukua ile ile. Miaka miwili mfululizo! Kisha mwanzoni mwa miaka ya 1990 kampuni ikaanguka, na madeni na kesi juu yake. Daly alikufa 2008.

Kwa hiyo simchukii. Mtu wa namna ile anahitajika. Mimi ni mtu wa mahindi, najua mwaka ambao hakuna anayekopesha mbegu, na najua kwamba yule anayekubali kuthubutu mbele ya mvua anasaidia kijiji kula. Lisansi yangu yote haiwezi kuotesha shamba ambalo hakuna aliyelipia mbegu. Lakini shambani tunauliza swali moja ambalo filme haiulizi hata kidogo: mvua ikikosa, nani anapoteza?

Na mvua ilikuwa pale kweli. Pambano lilikuwa lipigwe 25 Septemba. Foreman akapasuka juu ya jicho katika mazoezi, wakasogeza hadi 30 Oktoba, wiki tano nzima. Tamasha la muziki likabaki peke yake mwezi wa tisa. Siku yenyewe walianza saa kumi ya usiku, ili Amerika waangalie jioni yao. Watu wa Kinshasa njo walikosa usingizi ndani ya uwanja wao, ule wa 20 Mai, leo tunauita Tata Raphaël. Raundi ya nane, Foreman chini. Muda mfupi nyuma mvua kubwa ikamwagika, uwanja ukajaa maji. Ingekuja mbele kidogo, Ali na Foreman wangekuwa bado na ahadi yao ya dola milioni 10. Na aliyesimama nyuma ya ile ahadi, mwisho wa yote, alikuwa Zaire.

Zaire ilikuwa inapata wapi dola? Kwetu. Sehemu kubwa ilitoka katika shaba ya Gécamines, hapa Katanga, ambayo wakati ule ilikuwa inaitwa Shaba kabisa. Bei ya shaba ilikuwa juu katikati ya 1974, kisha ikashuka haraka, na 1975 nchi ilishindwa kulipa madeni yake. Sisemi kwamba ngumi za usiku mmoja zilileta ule umaskini. Milioni 10 haikutosha kuangusha nchi. Ninasema kwamba mtu wa kule chini ya mgodi wa Kipushi alikuwa promoteri bila kuombwa, na hayuko katika filme hata kwa dakika moja. Sisi wa Kilwa tulioona madini ya Dikulushi yanavuka ziwa kwenda Zambia tunapaswa kumtambua mtu wa namna ile haraka. (Mobutu mwenyewe hakukuja uwanjani. Aliangalia kwenye televizyo.)

Sasa kachi. Ninaipenda, musinielewe vibaya. Nani hajasikia Edingwe wa Kinshasa, na dawa zake, na fanfare mbele yake barabarani? Lakini nilipokuwa nasoma humanité, promoteri mmoja alileta gala katika mji fulani ambako nilikaa. Mimi na rafiki zangu tulibeba mbao za ringi tangu asubuhi, tukapigilia misumari, tukamwaga mchanga. Tulikubaliana falanga kwa kila mmoja, kwa mdomo tu. Watu walijaa. Usiku gari ikaondoka na wapigaji, na sanduku la tiketi, na promoteri. Mbao tuliachiwa, na mwenye mbao alikuja kututafuta sisi.

Kwa hiyo siendi Jumamosi kukataa gala. Nitauliza tu mambo ya daftari. Michango ni ya nani, na wangapi wamesaini kwamba iingie humu? Wapigaji wa Lubumbashi wanadai nusu mbele: barabara ikiharibika na wasifike, nani anamfuata nani? Nani anashika sanduku mlangoni, na nani anahesabu pamoja naye? Na kwenye ukurasa wa malipo ninataka wale wa mbao waandikwe mustari wa kwanza, mbele ya wapigaji, mbele ya muziki, mbele yetu sisi wa komite.

Ndugu aliyesimama siku ile ya filme ni rafiki yangu, na anajua ninamwandikia yeye. Alete kalamu.