Mtetezi na Mwenye Kibanja

Siasa ya mrengo wa kushoto hupimwa aghalabu kwa uzuri wa nia yake, au kwa ubaya wa matokeo yake. Vipimo hivi viwili havitoshi. Kipo cha tatu, nacho ni kuuliza malalamiko yalitoka kwa nani: kwa mtetewa, au kwa mtetezi? Karagwe na Kyerwa, zilizokuwa wilaya moja kabla Kyerwa haijatengwa mwaka 2012, ni mahali pafaapo kwa kipimo hicho.

Mali ya mkulima wa huko ni kibanja. Ndani yake mna migomba, mibuni, maharagwe, nyumba, na makaburi ya wazee. Rutuba yake haikupatikana kwa siku moja. Ni samadi na nyasi zilizotandazwa na vizazi. Mwenye kibanja kidogo si kabaila, wala si kibarua; hujitumikia mwenyewe. Nadharia iliyowagawa watu kuwa wanyonyaji na wanyonywaji ilipata taabu kumwekea kiti.

Haki yataka isemwe kwanza kwamba siasa hiyo ilileta heri ilipoanzia mahali pake. Katika mkoa uliojulikana kama Ziwa Magharibi, hasa upande wa Buhaya, palikuwa na desturi ya nyarubanja, ambayo kwayo mpangaji alimlipa bwana wa ardhi kwa shamba alilolitolea jasho yeye mwenyewe. Sheria ya mwaka 1965 ilifungua njia ya kumkomboa. Hapo chama hakikubuni dhuluma; kiliikuta vinywani mwa wapangaji, kikaipa nguvu ya dola.

Vijiji vya ujamaa vilikwenda njia nyingine. Katika andiko lake la Ujamaa Vijijini la mwaka 1967, Mwalimu Nyerere alieleza kwamba ujamaa hauwezi kujengwa kwa kulazimishana, na kwamba watu sharti waingie kwa hiari. Hoja ilikuwa safi na lugha yake nyepesi. Lakini tarehe 6 Novemba 1973 alitangaza kwamba kuishi vijijini ni amri, na muda ukawekwa hadi mwisho wa 1976. Kati ya andiko na amri mlipita miaka sita tu, na hiari ikafa bila kufanyiwa matanga. Mtu aweza kuhamisha jembe na chungu. Hawezi kuhamisha mgomba wala kaburi. Haishangazi kwamba watafiti watatu waliouchunguza mkoa huohuo walichapisha mwaka 1977 kitabu ambacho jina lake lauita ujamaa huo ujamaa wa kutoka juu.

Yafaa kuuliza wakosoaji wa kushoto walikuwa wapi. Wengi walikuwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na hawakukosa ushujaa. Jarida lao, Cheche, lilianza 1969 likapigwa marufuku 1970. Humo Issa Shivji alithubutu kuuliza ni nani hasa anayenufaika na mashirika yaliyotaifishwa. Swali hilo lilikuwa kali na la haki. Walakini jarida lilikuwa na jina la Kiswahili na matini ya Kiingereza. Mkulima alikuwa habari ndani yake. Hakuwa msomaji wake. Mtu anayezungumzwa katika lugha asiyoisoma hawezi kusahihisha yasemwayo juu yake, na utetezi usioweza kusahihishwa na mtetewa hugeuka upesi kuwa utawala.

Matunda ya utawala huo yalionekana mwaka 1976, vyama vikuu vya ushirika vilipovunjwa. Vyama hivyo vilikuwa na wezi wake na uzembe wake. Lakini mkulima aliweza kumpigia kura mwenyekiti wake, na hakuweza kumpigia kura mkurugenzi wa shirika la umma. Kila mara bei ya ng'ambo ilipoishinda ya nyumbani, kahawa ilivushwa kwa magendo kwenda Uganda. Siasa ilimwita mvushaji mhujumu. Yeye alijiona muuzaji. Azimio la Arusha lenyewe lilikuwa limeonya mwaka 1967 kwamba wakazi wa mijini waweza kuwa wanyonyaji wa wakulima. Onyo lilichapishwa, likasifiwa, likasahauliwa.

Yaweza kujibiwa kwamba mkulima akiachwa peke yake huliwa na mfanyabiashara. Jibu hilo lina uzito. Tangu soko lilipofunguliwa katika miaka ya 1990, butura, yaani kuuza kahawa ingali mtini kwa bei ya chini, imewatia wengi umaskini, hata serikali ikaikataza. Basi unyonyaji upo, na anayeukana hajafika Kagera. Lakini butura huzaliwa na haja ya fedha kabla ya mavuno: karo, dawa, msiba. Amri huikataza butura bila kuiondoa haja. Chama cha ushirika cha Karagwe, kilichoundwa 1990, kitastahili kuitwa mkombozi kwa kadiri kitakavyomkopesha mwanachama kwa masharti anayoyaweza na kumsomea hesabu anazozielewa.

Basi kosa la mrengo wa kushoto halikuwa kumpenda mnyonge kupita kiasi. Kosa lilikuwa kumpenda kama dhana, na kumwogopa kama mtu mwenye neno lake. Aandikaye leo juu ya wakulima, wa kushoto au wa kulia, na aupeleke mswada wake kibanjani kabla ya kuupeleka kwa mpiga chapa.